Katuni au Uhuishaji? Filamu Mbili za Prague na Majina Tunayozipa

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayofika katika meza ya afisa wa istilahi, yako yanayoonekana kuwa mepesi mno hata yakajibiwa papo hapo. Baadaye hugundulika kwamba hayo mepesi ndiyo yenye mwiba. Makala haya yanahusu swali moja la namna hiyo.

Miaka michache iliyopita, ofisi moja iliyokuwa ikitayarisha maonyesho ya filamu za kigeni iliomba neno la Kiswahili la kuandika katika tangazo lake. Filamu zenyewe zilikuwa mbili, fupi, na zote za Kicheki: Ruka, yaani "Mkono", ya Jiří Trnka ya mwaka 1965, na Možnosti dialogu ya Jan Švankmajer ya mwaka 1982. Waombaji walieleza tu kwamba ni filamu ambazo ndani yake vitu visivyo na uhai huonekana vikitembea. Jibu lilitoka siku ile ile: katuni. Tangazo likabandikwa, na jioni ya maonyesho wazazi na walimu wakaja na watoto wadogo, maana kila mtu anajua kuwa katuni ni mchezo wa watoto. Walichokiona ni vichwa vinavyotafunana na kutapikana. Watoto walilia. Mwalimu mmoja aliandika barua baadaye, akiuliza kama watumishi wa lugha huvitazama vitu kabla ya kuvipa majina.

Aliyelipitisha neno lile ni mwandishi wa makala haya, na hakuwa amezitazama filamu hizo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nia ya makala haya basi ni kulipa deni. Kwanza tutazihakiki filamu zenyewe, kwani haiwezekani kukipa kitu jina lake pasipo kukijua. Pili tutayapima maneno yaliyopo. Mwisho tutatoa mapendekezo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyakubali au kuyakataa.

Mkono

Jiří Trnka (1912–1969) alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto na bingwa wa filamu za vikaragosi. Ruka ndiyo filamu yake ya mwisho, na urefu wake ni dakika zipatazo 18. Hadithi yake ni nyepesi kusimulia. Mfinyanzi mdogo anaishi katika chumba kimoja na ua lake moja, na kila siku anafinyanga chungu cha kulipandia ua hilo. Siku moja mkono mkubwa unaingia chumbani na kumtaka afinyange sanamu ya mkono. Anakataa. Mkono unamshawishi kwa fedha, kisha kwa urembo, kisha unatumia nguvu. Mfinyanzi anafungwa nyuzi, anatiwa katika tundu la ndege na kulazimishwa kuchonga mkono mkubwa wa jiwe. Kisha anavishwa nishani. Anazikata nyuzi kwa moto wa mshumaa, anakimbilia nyumbani na kupigilia mbao mlangoni. Hapo chungu chake mwenyewe kinamwangukia kichwani na kumuua. Mkono unakuja kumzika kwa heshima zote za taifa.

Baada ya kifo cha Trnka filamu hii ilipigwa marufuku nchini Chekoslovakia. Sababu si ngumu kuiona. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba thamani yake imo katika siasa tu. Katika sanaa ya vikaragosi, mkono wa mchezeshaji ndio unaofichwa. Mtazamaji hukubali kuusahau ili aamini kwamba kikaragosi kinatembea chenyewe. Trnka ameutoa mkono huo hadharani. Katika filamu nzima mkono ndio kiungo pekee cha binadamu halisi, na ndio usio na utu. Mfinyanzi ni mti na kitambaa, na uso wake haubadiliki hata mara moja. Lakini hofu yake, ukaidi wake na upendo wake kwa ua lile tunavisoma wazi katika namna anavyoinamisha kichwa. Kiswahili kina neno kibaraka kwa mtu anayechezeshwa na wengine. Filamu inatuonyesha kikaragosi kinachokataa kuwa kibaraka, na gharama yake.

Mazungumzo

Jan Švankmajer alizaliwa Prague mwaka 1934, akasomea sanaa ya vikaragosi mjini humo, na akatoa filamu yake ya kwanza mwaka 1964. Možnosti dialogu ina urefu wa dakika zipatazo 12, nayo ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwa filamu fupi katika tamasha la Berlin la mwaka 1983. Nyumbani kwake ilizuiwa. Hakuna neno hata moja linalotamkwa ndani yake, ingawa inahusu kuzungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Ina sehemu tatu.

Katika sehemu ya kwanza vinakutana vichwa vilivyopangwa kwa vitu, kwa mfano wa picha za Giuseppe Arcimboldo, mchoraji wa karne ya 16 aliyelitumikia baraza la wafalme wa ukoo wa Habsburg. Kichwa kimoja ni cha mboga na matunda. Kingine ni cha vyombo vya chuma. Cha tatu ni cha vitabu, karatasi, rula na rangi. Kila vinapokutana, kimoja humla mwenzake, humsaga na kumtapika. Kila mara vipande huwa vidogo zaidi na vichwa huwa laini zaidi, hata mwishowe vyote vinakuwa vichwa vya watu vya udongo, vinavyofanana kabisa, na kila kimoja kinamtapika mwingine aliye sawa naye.

Katika sehemu ya pili mwanamume na mwanamke wa udongo wameketi mezani. Wanabusiana, na miili yao inayeyukiana hata isijulikane upi ni wa nani. Wanapoachana kunabaki mezani kidonge kidogo cha udongo, ambacho si cha huyu wala cha yule. Kinawasogelea kama mtoto anayetaka kubebwa. Kila mmoja anakisukumia kwa mwenziwe, kisha wanarushiana, kisha wanararuana nyuso hadi hakuna kilichosalia.

Katika sehemu ya tatu vichwa viwili vya wazee vinatazamana juu ya meza. Kimoja kinatoa mswaki mdomoni, kingine kinatoa dawa ya meno na kuipaka juu yake. Kimoja kinatoa kiatu, kingine kamba ya kiatu. Mkate unapata siagi, penseli inapata kichongeo. Kila kitu kiko sawa. Kisha vichwa vinabadilishana nafasi na mchezo unaanza upya, lakini sasa majibu hayalingani: dawa ya meno inapakwa juu ya mkate, kiatu kinapakwa siagi, mswaki unatiwa katika kichongeo. Vitu ni vile vile, na bidii ni ile ile. Vichwa vinaendelea hadi vinapasuka, vinatweta na kuanguka.

Uhakiki wetu ni huu. Sehemu ya kwanza inastaajabisha kwa ufundi, lakini fundisho lake hueleweka kabla haijakwisha. Sehemu ya pili inauma kuliko zote, kwa sababu kidonge kile hakina kosa. Sehemu ya tatu ndiyo kubwa, na ukubwa wake unatokana na unyenyekevu wa vifaa vyake. Mswaki, kiatu, mkate na penseli ni vitu vya kila nyumba. Msanii hakuhitaji zimwi wala shetani ili kututia hofu. Ilimtosha kuuweka mswaki mahali pasipo pake.

Wako watakaosema kwamba filamu hii ni ya kukata tamaa, na kwamba inadai kuwa watu hawawezi kuelewana. Hatukubali. Mzunguko wa kwanza wa sehemu ya tatu unawaonyesha wazee wale wakielewana bila kosa lolote. Watazamaji husahau jambo hilo haraka, kwa sababu maelewano hayana kelele. Filamu haisemi kwamba maelewano hayapo. Inasema kwamba hatuyaoni mpaka yavunjike.

Jina la filamu

Tangazo lile lilikuwa na kosa la pili. Filamu iliitwa "Vipimo vya Mazungumzo". Mfasiri hakuitazama Kicheki. Alifasiri jina ambalo Waingereza wameipa. Lakini neno možnosti katika Kicheki ni wingi wa "uwezekano", wala halihusu vipimo. Jina hilo linauliza ni mazungumzo ya namna gani yanayowezekana, na kila sehemu inajaribu jibu moja. Aliyesoma "vipimo" hakujua kwamba ameulizwa swali.

Majina ya sehemu tatu yana matatizo zaidi. La kwanza ni Dialog věcný. Kivumishi hiki kinatokana na věc, yaani "kitu", na matumizi yake ya kawaida ni "yenye kuhusu jambo lenyewe, bila porojo". Msanii amecheza na maana zote mbili: ni mazungumzo ya hoja, na ni mazungumzo ya vitu. "Mazungumzo ya Hakika" yangevipoteza vitu. Afadhali "Mazungumzo ya Vitu".

La pili, Dialog vášnivý, halina shida: "Mazungumzo ya Ashiki" yanatosha.

La tatu ni Dialog vyčerpávající, na hapa Kiswahili kimebahatika. Neno hilo la Kicheki lina maana ya "yenye kuchosha" na pia "yasiyoacha jambo bila kuguswa". "Mazungumzo ya Kuchosha" yangechukua nusu tu. Lakini sisi tunacho kitenzi -maliza. Mtu humaliza mazungumzo, akawa ameyafikisha mwisho wake. Na mtu humalizwa na mazungumzo, akawa hana nguvu wala uhai. "Mazungumzo ya Kumaliza" yana maana zote mbili kama lilivyo neno la Kicheki. Nafasi ya namna hii mfasiri haipati kila siku, na asiyetazama lugha ya asili hawezi hata kujua kwamba imempita.

Kuhusu neno "katuni"

Tuje sasa kwenye deni letu kubwa. Neno katuni lina makosa mawili linapotumiwa kwa filamu hizi. Kosa la kwanza ni la kitu chenyewe: katuni ni mchoro. Katika filamu hizi wahusika hawakuchorwa. Trnka ametumia vikaragosi, na Švankmajer ametumia udongo, mboga na vyombo vya jikoni. Kosa la pili ni la matarajio: katuni humwahidi msomaji kicheko. Mwenye gazeti anayefungua ukurasa wa katuni ana haki ya kucheka, na mzazi anayempeleka mtoto kwenye katuni ana haki ya kurudi naye akitabasamu. Neno vibonzo lina makosa yale yale. "Filamu ya vikaragosi" inamfaa Trnka, lakini haifai kwa kichwa cha mboga.

Neno linalozidi kutumika siku hizi ni uhuishaji, kutokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai. Tunaliunga mkono kwa sababu tatu.

Kwanza, linaeleza kazi bila kutaja kifaa. Mchoro, udongo, mwanasesere, hata picha iliyotengenezwa kwa kompyuta, vyote huweza kuhuishwa. Kazi yenyewe ni hii: kitu huwekwa mbele ya kamera na kupigwa picha moja; husogezwa kidogo sana; hupigwa picha nyingine; na kuendelea. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ina picha 1,440. Hata pale ambapo kila hatua hupigwa picha mbili, fundi anapaswa kukigusa kitu mara 720 ili kipate uhai wa dakika moja.

Pili, ukoo wake ni mzuri. Huisha, hai, uhai na hayawani yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuishi. Lugha nyingi za Ulaya nazo hutumia neno lililotokana na Kilatini anima, yaani pumzi au roho, na humo humo wakapata jina lao la mnyama. Sisi na wao tumefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, wala hakuna aliyemwiga mwenziwe.

Tatu, linafaa kwa uhakiki. Ukisema kwamba Švankmajer amechora katuni ya vichwa viwili, hujasema lolote. Ukisema amevihuisha vichwa viwili ili vimalizane, umeshaianza hoja.

Kuna pingamizi moja la haki. Watumishi wa serikali wamezoea kuhuisha leseni, usajili na takwimu, nao wanaweza kushangaa kukutana na filamu iliyohuishwa. Tunajibu kwamba muktadha utatenganisha, kama unavyotenganisha mambo mengine. Hakuna aliyewahi kuchanganya kichwa cha habari na kichwa cha mtu.

Kuhusu "mazingaombwe" na "ajabu"

Linabaki swali la pili, gumu zaidi: tuseme nini juu ya namna ya filamu hizi, ambapo ndoto na mambo ya kila siku vinakaa meza moja?

Wahakiki wa riwaya, hasa wanapozijadili Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, wamezoea kuzungumzia uhalisia wa kimazingaombwe. Istilahi hiyo ina kazi yake na hatutaki kuiondoa mahali pake. Lakini haifai kuhamishiwa hapa. Mazingaombwe ni hila: mfanyaji huficha mkono wake, na mtazamaji hufurahi kudanganywa. Trnka ameufichua mkono. Švankmajer, ambaye filamu yake ya kwanza ya mwaka 1964 inahusu wanamazingaombwe wawili wanaoshindana hadi kukatana viungo, haoni haya kutuonyesha udongo kuwa ni udongo. Pasipo kificho hapana mazingaombwe.

Ipasavyo tutenganishe mambo mawili. Lipo kundi la kihistoria, na ipo sifa ya kazi. Kundi lilianzishwa Paris, na tamko lake la kwanza liliandikwa na André Breton mwaka 1924. Neno lenyewe lilikuwa limebuniwa na mshairi Guillaume Apollinaire mwaka 1917. Tawi la Prague lilianzishwa mwaka 1934, na Švankmajer pamoja na mkewe, mchoraji Eva Švankmajerová, walijiunga nalo mwaka 1970. Jina la kundi ni kama jina la chama, nalo lafaa likopwe: usurialisti, kwa mfano wa usoshalisti na ukomunisti. Trnka hakuwa msurialisti, na mfasiri asimwite hivyo ati kwa sababu tu filamu yake ina mkono unaotembea peke yake.

Kwa sifa ya kazi hatuna haja ya kukopa. Mwaka 1940 kitabu cha Lewis Carroll kilichapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Kitabu hicho hicho ndicho Švankmajer alichokifanyia filamu ndefu mwaka 1988. Mfasiri wa Elisi alipotafuta neno kwa nchi ambayo vitu vya kawaida vimeacha kutii kawaida, alichagua ajabu. Na neno hilo halijachakaa. Jambo la ajabu si la uongo wala si la hila. Ni jambo lililopo mbele ya macho, ambalo akili haijalipatia mahali.

Mapendekezo

1. Uhuishaji litumike kwa sanaa yenyewe; filamu ya uhuishaji kwa kazi moja; mhuishaji kwa mwenye kuifanya.

2. Katuni na vibonzo yabaki kwa michoro ya kuchekesha au ya kudhihaki, iwe gazetini au katika filamu.

3. Filamu ya vikaragosi na filamu ya udongo yatumike pale inapohitajika kutaja kifaa.

4. Usurialisti liwe jina la kundi la sanaa lililoanza mwaka 1924 na matawi yake, na msurialisti mfuasi wake. Kwa sifa ya kazi yoyote isemwe ya kiajabu.

5. Filamu ya Švankmajer iitwe "Uwezekano wa Mazungumzo", na sehemu zake "Mazungumzo ya Vitu", "Mazungumzo ya Ashiki" na "Mazungumzo ya Kumaliza".

6. Tangazo la filamu lisipewe istilahi na afisa ambaye hajaitazama filamu.

Hitimisho

Neno istilahi lina ndugu wa mzizi mmoja, naye ni suluhu. Maana yake ya asili ni mapatano. Istilahi haiwi istilahi kwa kuchapwa katika orodha. Huwa hivyo pale msemaji anapotoa neno na msikilizaji akaliweka juu ya kitu kile kile. Kwa hiyo sisi wa kazi hii tunaweza kuitazama filamu ya Švankmajer kama onyo lililoandikwa kwa ajili yetu. Sehemu yake ya tatu inaonyesha yanayotokea pasipo mapatano, na jioni ile ukumbini sisi wenyewe ndio tuliopaka dawa ya meno juu ya mkate. Lakini sehemu ya kwanza nayo isisahauliwe. Vichwa vile vilisagana vikawa sanifu kabisa, kila kimoja sawa na mwenzake, na tangu hapo havikuwa na jipya la kuambiana. Afisa wa istilahi anayesaga kila neno la mtaa, la pwani na la bara ili libaki moja tu, naye amo katika filamu hiyo.

Kati ya hatari hizo mbili upo ule mzunguko mfupi ambao mswaki hupata dawa yake na kiatu hupata kamba yake. Hakuna mtazamaji anayeushangilia. Istilahi iliyo sawa nayo haishangiliwi na mtu. Msomaji huipita bila kusimama, akaendelea na habari yake. Mwalimu aliyetuandikia barua hatatambua siku ambayo tangazo litasomeka sawasawa, na watoto wakabaki nyumbani. Wasomaji wenye maoni tofauti juu ya mapendekezo haya wanaombwa wayalete, mradi wawe wamezitazama filamu.